Sifuri ya Mbele

8 Januari

Dada,

Nakuamkia. Huku tupo, tunapumua, na bomba la uani linavuja vilevile kama ulivyoliacha. Mama anakusalimu, na anasema kama umekonda usimwambie. Jirani yetu mshonaji amenunua cherehani ya umeme, sasa anatushonea hata nguo ambazo hatukumwagiza, mradi tu aisikie ikilia.

Utashangaa kupata barua na simu yangu unayo. Lakini wewe na mimi tukipigiana tunaishia kugombana, na mara ile ya mwisho Mama alininyang'anya simu, akasema, "Kama kusemezana kumewashinda, andikianeni. Kwenye karatasi hakuna anayepaza sauti." Basi ndiyo hii.

Nina shida. Mganga mkuu wa zahanati alituita wafanyakazi wote, akasema kadi za wagonjwa zimejaa makabati mpaka panya wamehamia, anataka ziingie kwenye kompyuta. Akauliza nani anaweza. Nikanyoosha mkono, mimi mpokezi wa mlangoni! Nikasema dada yangu anaandika programu huko mjini, atanielekeza. Sasa kompyuta iko mezani kwangu, imefunikwa kitambaa, na kila nikiifunua naifunika tena.

Tena nisikufiche, nakuonea wivu. Mjomba alipokuja kuchukua mmoja wetu akamsomeshe, hakuuliza nani anataka. Aliangalia nani ni mtoto wa kuzaliwa nyumba hii, na nani aliletwa na kikapu cha nguo baada ya mama yake kufa. Mama amenilea kama wake, sina la kusema juu yake. Lakini Mjomba alichagua, na mimi nilikuwepo mlangoni nikimwona anachagua.

Nifundishe. Anzia mwanzo kabisa, nifanye mjinga.

Mdogo wako,
Chiriku


25 Januari

Chiriku,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nne kama noti ya bibi harusi. Mimi mzima. Chumba changu kiko juu ya duka la matairi, kwa hiyo nguo zangu zote zinanuka mpira. Kazini nakaa dirishani, na dirisha lenyewe halifunguki.

Haya, mwanzo. Kompyuta haikumbuki kitu mpaka ukiwekee mahali na upape mahali hapo jina. Mahali hapo tunapaita kigeu, kwa kuwa kilichomo kinaweza kugeuka. Chukua kama kisanduku kilichoandikwa jina juu. Ukiandika:

umri = 34

umetenga kisanduku, ukakiita umri, ukaweka 34 ndani. Mwakani ukiandika umri = 35, ile 34 haikai pembeni kusubiri. Imekwenda. Jina ni lile lile, kilichomo ni kingine.

La pili ni aina za data. Kompyuta inataka kujua kilichomo ni kitu cha namna gani. Kuna namba kamili, kama 34. Kuna namba zenye nukta, kama uzito wa 61.5. Kuna maandishi, nayo unayafunga kwa alama za kunukuu, kama kazi = "mkunga". Aina ya nne nitakueleza siku nyingine. Usichanganye, maana mashine haina aibu. Ukiiambia upuuzi itaufanya bila kukuuliza.

Kuhusu wivu wako, kila mtu na wake. Juzi nilimpigia Mama. Hatujamaliza hata salamu akaniambia, "Subiri, Chiriku anaingia, amelowa mvua." Nikasubiri. Nikasikia kitambaa, nikasikia mnacheka, nikasikia "kaa hapa nikukaushe kichwa". Halafu simu ikakatika. Mimi nimenyeshewa mvua ngapi huku?

Jemadari


9 Februari

Dada,

Nakuamkia tena. Mama hajambo, ila kiti chake cha uani kimevunjika mguu na anakataa kununua kingine, anasema wote wawili ni wazee, wavumiliane.

Nimeelewa! Ngoja nikupe mfano wangu, nawe useme kama nimepatia. Chumba cha mbele sote tunakiita chumba cha Jemadari. Mama akisema "kafagie chumba cha Jemadari", hakuna anayeuliza ni kipi. Lakini tangu Novemba ndani yake nalala mimi, na kitanda chako amepewa mshonaji. Jina lako, kilichomo ni mimi. Si ndicho kigeu chenyewe? Nilimwambia Mama mfano huu akacheka mpaka akashika mbavu.

Jingine la kuchekesha. Nilitaka programu ijumlishe wagonjwa wa asubuhi na wa jioni. Nikaweka "2" na "3" ndani ya alama zako za kunukuu. Ikanijibu 23. Mganga mkuu akachungulia begani kwangu, akasema, "Wagonjwa ishirini na watatu? Wamekaa wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe nilikuwa nimeiambia ni maandishi, nayo ikayaunganisha kama shanga. Nikatoa alama zile, ikasema tano.

Sasa swali la kweli. Kila mgonjwa ana namba ya kadi. Kadi za jengo la zamani zinaanza na sifuri, kama 0418. Tulipohamia jengo jipya walianza upya bila sifuri, kwa hiyo ipo pia 418, ya mtu mwingine kabisa. Kigeu cha namba ya kadi nikipe aina gani? Namba kamili au maandishi? Jibu upesi, mganga mkuu ananisimamia kichwani.

Chiriku


21 Machi

Chiriku,

Salamu kwenu. Kazi ni nyingi, ndiyo maana nimechelewa.

Sikujua kama kitanda changu kimetolewa. Si kitu, ni mbao tu.

Kuhusu kadi, namba ni namba. Weka namba kamili, inatafutika haraka.

Aina ya nne niliyokuahidi ni ya kweli na si kweli. Unaitumia kwa jambo lenye majibu mawili tu, kama mtu ni mjamzito au si mjamzito. Kigeu cha aina hiyo hakipokei "labda".

Nimemtumia Mama kitambaa cha kichwa, kama bado anavaa vitu vyangu.

Dada yako


10 Aprili

Dada yangu mwenyewe,

Pokea salamu mpaka uzichoke. Programu inafanya kazi! Naandika namba ya kadi, nabonyeza, jina linatokea pamoja na vipimo vya mara ya mwisho. Kabati la kwanza tumelitoa nje. Mganga mkuu amewaleta wenzake wa zahanati nyingine waje waone, akanishika bega mbele yao: "Huyu hapa." Niliyekuwa nafungua mlango na kuita namba!

Mama naye alipita zahanati, kunisalimia tu. Nikamwonyesha skrini, akaigusa kwa kidole kama anagusa uso wa mtoto mchanga. Sasa mtaa mzima umeshajua. Kila anayekutana naye anamwambia, "Mwanangu anaandika programu." Wanamuuliza, "Yule wa mjini?" Anasema, "Siye, huyu huyu wa hapa." Nilimcheka.

Kitambaa kimefika. Kizuri. Amekihifadhi kwa ajili ya siku maalumu.

Nakushukuru sana, bila wewe ningekuwa bado naogopa kuifunua ile mashine. Kwa nini barua zako zimekuwa fupi? Kuna mtu huko? Usinifiche, mimi ni Chiriku lakini siri najua kuzitunza.

Mdogo wako


2 Mei

Chiriku,

Mimi mzima. Duka la matairi limeungua upande mmoja, tulikimbia na ndoo, chumba changu kimepona ila kuta zimekuwa nyeusi. Nilimpigia Mama siku ile nimweleze. Alisema, "Pole, mwanangu," halafu papo hapo akaanza kunihadithia jinsi mganga mkuu alivyokushika bega. Nimeshahadithiwa habari ya hilo bega mara tatu.

Miaka yote niliyoandika programu hapa, Mama hajawahi kuuliza zinafanya nini. Niliwahi kuandika mfumo wa benki ya damu wa hospitali nzima. Nilipomweleza alisema, "Unakula lakini?"

Kitambaa si cha siku maalumu. Nilikichagua cha kuvaa kila siku.

Nilitaka kukuambia jambo moja kuhusu zile kadi, lakini naona sasa wewe ndiye mtaalamu, watu wanakuja kukutazama. Nisikuchoshe.

J.


20 Mei

Dada,

Leo nitasalimu kwa kifupi. Mama yupo hai. Naandika hilo kwanza ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Ijumaa asubuhi alianguka uani, karibu na pipa la maji. Mshonaji alisikia kishindo akaruka ukuta. Alimkuta ametota jasho, anatetemeka, haelewi yuko wapi, anamwita mama yangu mzazi, mdogo wake aliyekufa. Mshonaji alimnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, kisha wakampakia kwenye mkokoteni wa mbao mpaka zahanati. Mimi ndiye niliyefungua mlango.

Mama ana ugonjwa wa sukari, dada. Tangu mwaka juzi. Dawa yake ilikuwa ndogo, kidonge nusu. Siku chache kabla ya kuanguka alikwenda kuchukua dawa, tabibu akasoma vipimo kwenye skrini bila kuangalia jina, akaona sukari iko juu vibaya, akamwongezea dozi. Mama hana tabia ya kubishana na mtu aliyevaa koti jeupe. Akameza, sukari yake ikashuka kupita kiasi.

Vile vipimo havikuwa vyake. Vilikuwa vya fundi mwashi mmoja, mtu wa miraba minne. Kadi ya Mama ni ya jengo la zamani, inaanza na sifuri. Ya fundi ni namba ile ile bila sifuri. Niliziweka namba kamili kama ulivyoniambia, mashine ikaitupa sifuri ya mbele kwa sababu kwenye hesabu sifuri ya mbele haina maana, na watu wawili wakawa kisanduku kimoja. Aliyeingizwa baadaye akamfuta wa kwanza. Tumekagua na kukuta wengine wameingiliana vivyo hivyo. Mungu tu ndiye aliyewalinda.

Mganga mkuu amefunika ile kompyuta. Mimi ameniambia nikae nyumbani mpaka atakaponiita. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nimeirudia barua yangu ya Februari kichwani neno kwa neno. Nilikueleza sifuri. Nilikueleza kuwa ipo 0418 na ipo 418. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza, ukimwambia hivyo, atasema weka maandishi. Na wewe Mei ukaandika kwamba kuna jambo ulitaka kusema.

Swali langu ni la ile aina yako ya nne. Ulijua. Kweli au si kweli?

Chiriku


18 Juni

Chiriku,

Kweli.

Nilipopata barua yako nilimpigia Mama nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi. Alisema, "Kizunguzungu tu, mnapenda kukuza mambo." Siku ile ile nilimwandikia mganga mkuu wenu. Nilimweleza kwamba uliuliza swali sahihi, na kwamba jibu bovu lilikuwa langu, nami nalijua vizuri kuwa ni bovu. Nilimwandikia pia jinsi ya kurekebisha: kigeu kiwe maandishi, na kadi zote zenye sifuri ziingizwe upya kutoka kabatini, mtu mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike. Barua hiyo niliimaliza haraka. Hii imenichukua wiki tatu.

Sitasema sikufikiria. Nilifikiria. Nilifikiri utaaibika kidogo, mashine itakataa, mganga mkuu atasema huyu hajui, na Mama ataacha kusema "huyu huyu wa hapa". Niliona mpokezi akitahayari mbele ya skrini. Sikuona mgonjwa. Mtu akishikwa na wivu haoni chumba kizima, anaona kiti kimoja tu alichokalia mwenzake.

Lakini nami nina swali. Mwaka juzi! Kwa nini sikuambiwa kwamba Mama anaumwa? Ningejua kuna kadi ya Mama mle ndani, unadhani ningeandika nilichoandika? Usiniambie Mama alikataza. Mama anakataza kila kitu, hata kununua kiti.

Sina haki ya kuuliza, najua. Nimeuliza.

Jemadari


24 Julai

Chiriku,

Zaidi ya mwezi sasa bila neno lako. Nimeshika simu mara nyingi nikaiweka.

Jana nilizungumza na Mama. Ameniambia mganga mkuu alikurudisha kazini, kadi zimeingizwa upya, na amekutuma kusoma kozi ya programu. Nikasema vizuri, wapi? Akasema, "Si huko huko kwako! Hamjaonana?" Nikamdanganya kuwa tumeonana. Kisha akaniuliza umevaaje, nikasema umevaa vizuri.

Kumbe una wiki ya tatu katika mji huu. Naijua shule hiyo, napita mlangoni kwake nikienda kazini. Jana jioni nilisimama upande wa pili wa barabara, penye fundi saa, nikawaona mnatoka. Ulikuwa unazungumza na mwanamke mrefu mwenye mkoba wa kijani, mikono yako ikienda kama kawaida yako. Sikuvuka.

Naacha barua hii kwa mlinzi wa shule.

J.


30 Julai

Dada,

Nakuamkia. Mlinzi alinipa barua yako akasema, "Dada yako anafanana na wewe akikasirika." Nikamwambia hatufanani hata kidogo, mimi na yeye tumezaliwa na mama wawili. Akasema basi ni hasira ndizo zinazofanana.

Niko mzima. Tunalala kwenye bweni la nyuma, vitanda vya juu na chini. Mama anakaa na mshonaji mpaka nirudi. Nilipomuuliza kama ataweza alisema, "Nenda, mimi si yai."

Nitakujibu swali lako. Ni kweli Mama alikataza nisikuambie. Lakini kwa mwaka mzima na zaidi ningeweza kumkatalia, kama ninavyomkatalia mengine yote. Sikumkatalia kwa sababu nilipenda. Wewe ulikuwa na shule, Mjomba, na mji. Mimi nilikuwa na sukari ya Mama. Nilikuwa najua akimeza nini na saa ngapi, na miguu ikifa ganzi anamwita nani. Ukimpigia simu akasema "sijambo", nilikuwa nimekaa pembeni, nami ndiye niliyejua. Ilikuwa tamu. Laiti ningekuambia, ungejibu lile swali langu la Februari kwa mstari mmoja, tena siku ile ile.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie. Nililijua tangu Mei, nikakaa nalo kimya.

Yule mwanamke mwenye mkoba wa kijani ni mkunga kutoka zahanati ya mbali, dawati letu moja. Anaelewa upesi kuliko mimi. Mwalimu akiuliza, yeye ndiye anayejibu. Mwalimu akitaka mfano wa kazi nzuri, anageuza skrini ya mkunga watu waione, na mimi kiwiko changu kinaonekana pembeni.

Wiki iliyopita kila mmoja wetu alipewa kazi ya kupeleka kwa wakuu wa kozi. Yake ilikuwa ya uzito wa watoto wachanga. Jumanne asubuhi nikatupa jicho kwenye skrini yake nikaona kigeu cha uzito amekipa namba kamili. Mashine ilikuwa inakata kila kilicho nyuma ya nukta. Mtoto wa kilo 2.9, mzima kabisa, anasomeka ana kilo mbili, kama amezaliwa dhaifu. Kosa dogo, hata yeye angelicheka. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja.

Sikusema. Nilirudisha macho kwenye skrini yangu. Mchana akaniuliza, "Yako imefika wapi?" Nikasema, "Naendelea." Akanigawia mkate wake, nikaupokea nikaula. Jioni mwalimu akamsifu tena, na safari hii sikuumia, nilifurahi, kwa sababu nilijua kilichokuwa kinamsubiri.

Nililala usingizi mzito.

Jumatano, kabla hajaingia kwa wakuu, nilimkimbilia kwenye ngazi nikamwambia. Akarekebisha pale pale, mkoba ukiwa umebanwa kwapani, akanikumbatia, akasema, "Umeliona sasa hivi?" Nikasema ndiyo.

Dada, nilimwambia, na hakuna mtoto aliyedhurika. Wewe hukuniambia, na Mama alianguka. Hatulingani, na sitaki ujifariji kwamba tunalingana. Lakini kutoka Jumanne asubuhi mpaka Jumatano nilikuwa mtu mwenye raha, na raha ile naijua sasa inafananaje. Siwezi tena kujifanya kwamba sielewi uliandikaje ile barua ya Machi.

Sijasema nimekusamehe. Nikifika hapo nitakuambia, usiniulize ulize.

Jumamosi nitakuja kwako. Usifanye maandalizi, chai inatosha. Kozi ikiisha tarehe kumi na tano, omba ruhusa kazini twende nyumbani pamoja. Mama atakuwa mlangoni, na unamjua, lazima ataita jina la mmoja wetu kwanza. Yule mwingine ataumia. Tukubaliane kabisa tangu sasa, kwamba ataumia, na kwamba ataingiza mizigo ndani hivyo hivyo.

Chiriku